Wati za Kifaranga

Zahanati ya Kijiji, Nyabisera, Serengeti
14 Machi 1976

Agustina mwenzangu,

Salamu utazijaza mwenyewe, leo sina nafasi nazo. Wifi yangu Nyangi, mke wa mdogo wangu Athanas, amejifungua jana asubuhi. Mimba ilikuwa ya miezi saba tu. Ni mtoto wa kike, kilo moja na gramu mia nne kwenye mizani yangu. Anapumua vizuri, lakini kunyonya hawezi. Namkamulia maziwa ya mama yake na kumdondoshea kwa kijiko.

Nyangi mwenyewe amepoteza damu nyingi na ana homa, anatetemeka hata chini ya mablanketi mawili. Kumbeba mtoto kifuani hawezi kwa sasa. Mama yangu na mimi tunapokezana, lakini mimi nina zahanati na mama kifua chake hakimwachi apumzike kukohoa.

Najua utasema nimlete kwenu hospitali Tarime. Nimpeleke na nini? Gari pekee linalofika hapa ni lori la Kornelio linaloleta vitu vya duka la ujamaa, mara moja kwa wiki, na wiki iliyopita lililala matopeni kabla ya kufika mto Mara. Nimpandishe mtoto huyu juu ya magunia kwenye mvua hii? Atapoa kabla hatujauona mto. Tulifundishwa pamoja mimi na wewe kwamba kinachowaua wa namna hii ni baridi. Jikoni moto upo, lakini moshi wake hata mimi unaniliza. Kwa hiyo nazungusha chupa za bia zilizojazwa maji ya moto, na zinapoa upesi kuliko ninavyochemsha.

Nimepata wazo. Mashine ya kusaga ya kijiji ina betri. Athanas anafundisha fizikia huko kwenu, atajua namna ya kupasha joto sanduku kwa betri ile. Ninamwandikia leo hii. Ila simwambii sanduku ni la nani.

Usinilaumu. Unajua yaliyotokea. Mtoto wa kwanza aliishi siku moja. Wa pili tulipiga simu ya upepo siku ileile, na Athanas kwa furaha akatuma shuka na jina lililoandikwa kwa wino mwekundu. Kornelio alipovileta tulikuwa tumeshazika. Mama alipokea ile shuka mlangoni, akaketi nayo chini mpaka kesho yake. Sasa amekataza. Habari za mtoto huyu zisivuke mto mpaka atoke nje ya nyumba kwa afya yake. Asitajwe, asipewe jina, baba yake asijue. Mimi ni mkunga mwenye cheti, lakini mbele ya mama yangu cheti nakiweka kabatini.

Hata barua hii kwako mama haijui. Niambie sanduku liwe na joto gani. Na ukikutana na Athanas kanisani, wewe hujui kitu.

Bernadetha Mseti

*

Nyabisera, 14 Machi 1976

Mdogo wangu Athanas,

Hatujambo huku, mvua tu ndiyo imetukalia shingoni. Sisi akina mama wa kijiji tumeanza mradi wa kuku. Tunataka kuwatunza vifaranga ndani ya sanduku lenye joto, kwa sababu baridi ya sasa inawamaliza. Mashine ya kusaga ina betri. Je, betri inaweza kupasha joto sanduku la ukubwa wa sanduku lako la shule, lile la bati? Na kama inaweza, nitajuaje kwamba joto linatosha na haliunguzi?

Nijibu kwa lori hilihili likirudi. Usiseme utajibu ukipata nafasi. Nijibu kwanza, nafasi utaipata baadaye.

Dada yako,
Bernadetha

*

Nyamisangura, Tarime
19 Machi 1976

Dada Bernadetha, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikicheka peke yangu, mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Tangu lini wewe ukapenda kuku? Si ndiye uliyekuwa ukiwatimua kwa kandambili, mama anakuuliza wamekukosea nini? Lakini ujamaa umebadilisha wengi, acha ukubadilishe na wewe.

Haya, kaa chini usikilize somo. Betri ile ni ya volti kumi na mbili. Sasa wafikirie ng'ombe wakitoka zizini asubuhi. Volti ni yule anayewasukuma kwa nyuma. Ampea ni wingi wa ng'ombe wanaopita mlangoni. Omu ni wembamba wa mlango, vitabuni tunauita ukinzani, mimi darasani nauita ubishi wa njia. Ukigawa volti kwa ampea unapata omu. Ukizidisha volti kwa ampea unapata wati, na wati ndizo joto lako. Hakuna uchawi mwingine humo, ingawa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanaapa kwamba upo.

Nimempa Kornelio balbu mbili za indiketa, alizozifungua kwenye lori bovu la rafiki yake. Kila moja imeandikwa volti 12, wati 21. Gawa ishirini na moja kwa kumi na mbili: ampea moja na robo tatu. Kisha gawa volti kumi na mbili kwa ampea hizo: omu saba kasoro kidogo, huo ndio ubishi wa balbu yenyewe ikiwaka sawasawa. Kwa sanduku dogo lililofunikwa vizuri, balbu moja inatosha, maana wati zake karibu zote ni joto. Zungushia pamba pande zote, pamba si ndiyo mnayolima? Lakini balbu ikae pembeni nyuma ya kipande cha bati chenye matundu, isiguse pamba hata kidogo. Pamba ikishika moto mtakula kuku wa kuchoma kabla ya wakati.

Nimetuma na mita ya shule. Ikipotea wataniuza mimi. Nimekuchorea nyuma ya karatasi hii namna ya kupima volti na namna ya kupima ampea, maana ukizichanganya utaiua.

Sasa jambo langu. Nyangi hujamtaja hata mara moja. Anaendeleaje? Mwambie asibebe maji, na kuni akate mtu mwingine. Likizo yangu ni mwezi wa tano, nitakuwa nimewahi. Safari hii nataka niwepo mwenyewe. Jina ninalo tayari, dada, linaniwasha ulimini. Ila sithubutu kuliandika, unajua kwa nini.

Mdogo wako,
Athanas

*

Hospitali, Tarime
19 Machi 1976

Bernadetha,

Ndani ya sanduku pawe na joto la thelathini na mbili au thelathini na tatu, lisishuke wala lisipande sana. Mtoto mwenyewe umpime kwapani, asishuke chini ya thelathini na sita. Mshike miguu kila mara, miguu haidanganyi. Maziwa kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili. Na Nyangi homa ikimwachia tu, mfungie mtoto kifuani kwake ngozi kwa ngozi. Sanduku ni la kushikilia nafasi ya mama, si zaidi.

Jana kwenye mazoezi ya kwaya Athanas alinisimulia habari za kuku wako huku anacheka. Nilijifanya nakohoa. Usinifanyie hivi tena.

Agustina

*

Nyabisera, 26 Machi 1976

Athanas,

Marahaba. Balbu na mita vimefika salama, sanduku tumelitengeneza kama ulivyosema. Lakini balbu yako haiwaki. Yaani inawaka, ila wekundu tu, kama sigara ya mzee. Joto lake halifiki hata nusu ya sanduku.

Wewe ulidhani betri itakaa jirani na sanduku. Haikai. Unakumbuka betri ya kwanza ya mashine iliazimwa kupigia santuri kwenye harusi ikarudi imekufa? Tangu hapo kamati ilipitisha kwamba mali ya kijiji hailali nyumba ya mtu, na betri haivuki mlango wa nyumba ya mashine. Nilimwendea Mwenyekiti, Ndugu Heche. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajikuna kidevu, akasema, "Binti Mseti, betri nikikutolea wewe leo, kesho nitamnyima nani? Lakini umeme si betri. Umeme ukitoka kwa waya ukaja kwako, kamati haikuukataza." Kwa hiyo tumevuta waya ule mwembamba wa kufungia uzio, juu ya miti, kutoka mashineni mpaka nyumbani kwa mama. Ni hatua arobaini kwenda na arobaini kurudi. Tumeunga vipande vipande, vingine vina kutu.

Nimepima. Kwenye betri, volti kumi na mbili. Kwenye balbu, volti sita. Ampea moja na nukta mbili. Nimerudia kupima kwa sababu sikuamini.

Tafadhali nifanyie hesabu upesi. Yai lililoanguliwa ni moja tu, usicheke, na miguu yake asubuhi hii ilikuwa ya baridi. Bado tunazungusha chupa za maji ya moto, na mama hajalala vizuri tangu mwezi ulipoanza kupungua.

Nyangi yupo, anakunywa uji.

Bernadetha

*

Nyamisangura, 1 Aprili 1976

Dada, shikamoo.

Kazi nzuri. Ningekuwa na wanafunzi wawili tu wanaopima kama wewe ningestaafu kwa amani.

Volti zako sita zimekufa njiani. Zigawe kwa ampea moja na nukta mbili, utapata omu tano. Huo ni ubishi wa waya peke yake. Na balbu, inayopata volti sita badala ya kumi na mbili, zidisha sita kwa moja na nukta mbili: wati saba na kidogo. Mimi nilikuahidi ishirini na moja. Wati saba nyingine zinapotea kwenye waya, zinawapasha joto mbayuwayu wanaotua juu yake. Msomee Mwenyekiti maneno haya kama yalivyo: nusu ya umeme mnaoutoa kwenye betri ya kijiji hauzalishi chochote. Kama mali ya kijiji hailali nyumba ya mtu, mbona inalala juu ya miti?

Dawa zipo. Kwanza, kila mahali mlipounga, kwangua kutu mpaka chuma king'ae, kisha sokota kwa koleo, sio kwa vidole. Pili, pitisha waya wa pili sambamba na wa kwanza, uungwe nao mwanzo na mwisho. Milango miwili ya zizi badala ya mmoja, ubishi unashuka nusu. Tatu ndiyo bora kuliko zote lakini sina: shaba. Chuma kinabania umeme karibu mara sita kuliko shaba ya unene uleule. Nimezunguka maduka yote ya Bomani nikitafuta waya wa shaba. Wananiambia mwezi ujao, na huo mwezi ujao wao naujua tangu mwaka jana.

Lakini dada, yote haya kwa kifaranga mmoja? Mama halali kwa sababu ya kuku mmoja? Akifa huyo msiweke matanga. Tetea yuko hai, atataga tena.

Na umeniandikia Nyangi "yupo, anakunywa uji". Hata karani wa gereza angeniandikia zaidi ya hapo. Ana nini? Amekasirika nami? Mwambie aniandikie mistari miwili, hata kama ni ya kunigombeza.

Athanas

*

Nyabisera, 8 Aprili 1976

Athanas,

Barua zako huwa namsomea mama kwa sauti, kwa kuwa haniachi mpaka nimalize. Ile ya mwisho nilipofika kwenye utani wako niliuruka, nikageuza karatasi. Usiandike tena neno lile. Usiniulize kwa nini, wala usinijibu kwa utani mwingine. Nimekasirika nawe siku nzima, na sasa imepita.

Nilipokuwa nasoma habari za shaba, mama aliniambia nirudie. Nikarudia. Akaniuliza, "Shaba hii?" akinyoosha mkono. Unazijua zile shaba zake, nyaya zilizozungushwa kutoka kifundo mpaka karibu na kiwiko, na za miguuni, alizovikwa siku aliyoletwa kwa baba. Hatukuwahi kumwona bila hizo. Ukiwa mdogo ulikuwa unalala ukizihesabu kwa kidole. Nilimwambia, mama, hizo hapana, ulisema zitatoka siku ya kukuosha. Akasema, "Nilisema mimi, na sasa nasema mimi tena." Akaomba sabuni na koleo.

Ilichukua mchana wote. Miguuni ngozi ilichubuka kidogo nikampaka dawa. Mahali zilipokuwa, ngozi ni nyeupe na laini, na imebaki na mistari. Anapita akijishika mikono kama mtu anayesikia baridi. Mimi nililia, Athanas, yeye hakulia. Tulipozinyoosha zilitosha upande mmoja wa njia yote, na kipande kidogo kikabaki.

Upande wa pili ni chuma, lakini sasa ni nyaya mbili sambamba. Mwenyekiti nilimsomea yale maneno yako. Alicheka mpaka kofia ikamdondoka, kisha akaitisha kamati palepale mashineni, na jioni akaja mwenyewe na mzigo wa waya kutoka uzio wa ghala la pamba. Alipanda mitini na suruali yake ya mikutano. Kila asubuhi hupita dirishani na kuuliza kwa sauti ya chini, "Kuku wetu ameamkaje?" Na anavua kofia.

Nimepima upya. Kwenye balbu, volti tisa na nusu. Ampea moja na nusu. Hesabu nimefanya mwenyewe, sahihisha kama nimekosea: volti mbili na nusu ndizo zinazokufa njiani, gawa kwa ampea moja na nusu, omu moja na robo tatu hivi. Tulikuwa na tano. Na joto ni tisa na nusu mara moja na nusu: wati kumi na nne. Sanduku limepata joto. Miguu imepata joto.

Nyangi hajakukasirikia. Sasa anakula na ugali. Ataandika akiwa na la kuandika.

Bernadetha

*

Hospitali, Tarime
13 Aprili 1976

Bernadetha,

Nimetimiza ahadi, lakini sidhani kama bado kuna siri.

Jana Athanas alikuja wodini kwangu saa za kazi, viatu vimejaa matope, chaki bado mkononi. Hakunisalimia. Aliniuliza, "Agustina, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati anahitaji joto gani?" Nikamwambia thelathini na mbili, thelathini na tatu. Akaandika kwenye kiganja. Akauliza anakula nini na kila baada ya muda gani, nikamwambia, akaandika. Akauliza mtoto wa namna hiyo akipitisha mwezi, anakuwa na nafasi gani. Nikamwambia anakuwa na nafasi nzuri kuliko alipozaliwa. Hakuniuliza ni mtoto wa nani na mimi sikumwambia.

Kisha alikwenda kukaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje, katikati ya watu, akalia na kiganja kimefunguka ili wino usifutike. Nilimpelekea maji. Akaniambia, "Mama yangu asingevua shaba zake kwa ajili ya kuku."

Mwenzangu, nimefanya kazi hii miaka tisa na jana nilikwenda kujificha stoo.

Agustina

*

Nyamisangura, 13 Aprili 1976

Dada Bernadetha, shikamoo. Na mama umpe shikamoo yangu, umshike mikono yote miwili unapompa.

Hesabu zako ni sahihi. Hakuna mahali pa kusahihisha.

Kuna hesabu nyingine nimeifanya mimi, na jibu lake nimelipata. Silisemi. Naona mama kakataza, na mimi pia naogopa. Kwa hiyo nitaendelea kuandika habari za kifaranga, nawe utaendelea kunijibu za kifaranga, na sote tutaelewana.

Lile neno nililoliandika tarehe moja, tafadhali ikate ile karatasi mahali pale na ukichome hicho kipande. Nimekuwa nikiliona hata nikifumba macho.

Mwanzoni nilikuandikia kana kwamba ni kuku kweli. Sasa sikiliza upya. Ndani ya sanduku pasizidi thelathini na tatu. Ukiona linapanda, fungua kifuniko kidogo upande wa miguuni, usizime balbu ghafla. Balbu ya pili uifunge sambamba na ya kwanza, lakini iwashe tu asubuhi za baridi kali. Zote mbili zikiwaka pamoja, kila moja itafifia kidogo kwa kuwa waya uleule unabeba ampea zaidi, ila jumla ya wati itapanda, kama tano au sita juu ya zile kumi na nne. Usishangae ukiona zimefifia, pima. Na tazama pamba, dada. Kila ukipita, weka mkono kati ya bati na pamba. Mkono ukivumilia, pamba nayo itavumilia. Nakuomba uangalie hilo kuliko yote.

Kornelio aliniambia ana nafasi ya mtu mmoja kwenye kabini. Nilisimama karibu na lori mpaka likaondoka. Kama habari hazitakiwi kuvuka mto kuja huku, basi labda na mimi nikivuka kwenda huko nitakuwa nimevunja kitu. Mwalimu wa fizikia anaandika haya, usiwaonyeshe wanafunzi wangu. Lakini wa pili nilimtumia jina, nikasubiri kwa furaha siku nne wakati yuko chini ya udongo. Sitaki kuwa na furaha kabla ya ruhusa.

Mwambie Nyangi asiniandikie. Ale. Mwambie nimeelewa kwa nini uji tu.

Niandikie wati. Kila wiki niandikie volti, ampea na wati, hata kama hakuna jingine unaloweza kuandika. Nitajua.

Athanas

*

Nyabisera, 18 Aprili 1976, Pasaka

Volti tisa na nusu. Ampea moja na nusu. Wati kumi na nne.

Kile kipande nimekichoma.

B.

*

Nyabisera, 25 Aprili 1976

Volti tisa na nusu. Ampea moja na nusu. Wati kumi na nne. Tetea amepona homa, na mchana wote anamlalisha kifaranga kifuani mwake. Kwa hiyo mchana tunazima. Mwenyekiti alipoona waya hauna umeme alikuja mbio na soksi moja.

B.

*

Nyamisangura, 29 Aprili 1976

Dada, shikamoo.

Mwambie Mwenyekiti kwamba huu ni umeme wa kwanza maishani mwangu nilioufurahia ulipozimwa.

Athanas

*

Nyabisera, 2 Mei 1976

Hakuna volti. Sanduku tumelifungua. Tunasubiri jua.

B.

*

Nyabisera, 9 Mei 1976

Mdogo wangu Athanas,

Leo siandiki yangu. Mama ameketi mkekani mbele yangu, na amesema niandike anavyosema, nisitie maneno yangu ya zahanati. Haya ndiyo maneno yake.

"Mura, kijana wangu, ni mimi mama yako Mokami. Leo jua limetoka. Nyangi amesimama mlangoni na mtoto wake, akavuka kizingiti, akatembea mpaka kwenye nyumba ya mashine na kurudi. Watu walikuwa kwenye foleni ya kusaga, wote wakampisha. Heche alizima mashine ili asiogope. Yeye hakuogopa. Alipiga chafya.

"Ni msichana. Ana kilo mbili na kitu, dada yako anakijua hicho kitu. Ana masikio yako, Nyangi anasema hilo lilimsikitisha lakini amelizoea.

"Heche alitaka kushusha waya na kunirudishia shaba zangu. Nimekataa. Zimetoka mkononi mwangu zikiwa nzima, hazirudi zikiwa zimenyooshwa. Na mke wa Mniko naye ana mimba, na mimba haiulizi kama barabara imekauka. Shaba zikae pale juu. Kile kipande kilichobaki tumekikunja mara mbili, kiko kwenye mkono wa mtoto.

"Dada yako ananisomea barua zako. Nilijua kwamba umejua. Ulipoandika nishikwe mikono yote miwili, nilijua. Mtoto mwenye adabu, uliweza kunyamaza na wewe ni msemaji tangu kuzaliwa.

"Sasa habari imevuka mto. Jina unalo, Nyangi ameniambia kwamba unalo. Usiliandike. Usimpe Kornelio, usimpe mtu yeyote. La mara ile lilikuja kwa karatasi, likakuta hakuna wa kulipokea. Hili uje nalo mdomoni mwako, umsemee mwenyewe sikioni. Yupo, anasubiri."

Ni hayo. Amechovya kidole kwenye wino akabonyeza hapa chini. Hizo alama mbili pembeni ni mistari ya shaba, bado haijafutika kwenye kifundo chake, kifundo kiliuegemea wino ukiwa mbichi.

Lori linaondoka Tarime Jumatano.

Dada yako,
Bernadetha